Joto Lisilo na Moshi

Mugisho alianza maisha akitengeneza baridi, na sasa anatengeneza joto. Ukimuuliza, atakuambia hajabadilisha kazi.

Kule Kadutu, mtaa wa mlimani katika mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa fundi wa friji. Wateja wake walikuwa wauza bia, wauza samaki, na mwenye duka moja la dawa aliyetunza chanjo. Umeme wa maporomoko ya mto Ruzizi ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na kila uliporudi ulirudi kwa kishindo ukaunguza kompresa ya friji ya mtu, kwa hiyo Mugisho hakulala njaa. Alikuwa akiweka kiganja mgongoni mwa friji, anafumba macho kidogo, kisha anakuambia inaumwa nini. Halafu vita vikafika mahali ambapo fundi hodari na fundi goigoi wote hukimbia kwa miguu. Yeye na mkewe Jolie wakaingia kambini Uganda, wakakaa huko hadi watoto wakasahau Bukavu, na mwisho wa yote wakapakiwa kwenye ndege wakateremshwa Louisville, jimbo la Kentucky.

Walipangishwa mtaa wa Beechmont, kisha wakahamia nyumba za kupanga za mtaa wa Newburg. Mugisho akawa mbeba vifurushi ghalani. Alipowaambia waliompokea kwamba yeye ni fundi, walimwuliza cheti kiko wapi. Cheti! Mtu ameokoa chanjo za mtaa mzima kwa bisibisi na waya wa kuokota, halafu anaulizwa karatasi. Hakubishana. Alibeba vifurushi kwa miaka, mgongo ukazoea, na mikono ikaanza kusahau.

Aliyeikumbusha mikono hiyo ni Mkenya mmoja aitwaye Silas. Silas alikuja Columbus, jimbo la Ohio, kusomea uhandisi, akapata kazi ya ofisini, na akachoka kuchora mabomba ya nyumba ambazo hangeingia kamwe. Akaacha, akaanzisha kampuni yake ndogo ya kufunga pampu za joto. Siku moja kanisa la Beechmont lilimwalika aje kuzungumza na vijana kuhusu kazi. Akasimama mbele na picha zake ukutani, akaeleza: hii mashine inakaa nje ya nyumba, inavuta joto kutoka hewani hata wakati wa baridi, inalipitisha kwenye mabomba na kulimwaga ndani. Haichomi gesi wala mafuta. Haichomi chochote.

Kutoka viti vya nyuma sauti ikasema kwa Kifaransa na Kiswahili, "Bon, donc ni friji. Umeigeuza tu."

Watu wakacheka. Silas akacheka kuliko wote.

"Nani huyo amesema?"

"Ni mimi, patron. Friji inatoa joto kwenye nyama, inalitupa jikoni. Yako inalitoa uani, inalitupa sebuleni."

"Mzee, mimi nimesoma miaka minne kuelewa hiyo sentensi," Silas alisema. "Unafanya kazi wapi?"

Ndivyo Mugisho alivyokwenda Columbus. Mchana alishika mabomba pamoja na Silas, jioni alikaa darasani na vijana wa umri wa wanawe, mpaka akapata kile cheti walichokuwa wakimdai. Jolie na watoto walibaki Newburg. Na Silas alipoamua kufungua tawi Buffalo, juu kabisa kaskazini, mahali ambapo theluji hutoka ziwani na kuzika magari, tawi lenyewe lilikuwa Mugisho, gari moja, na chumba cha kupanga.

Kabla hajaondoka, Jolie alimweleza msimamo wake bila kupandisha sauti.

"Nimehamishwa na vita. Nimehamishwa na kambi. Nimehamishwa na ndege. Sasa nitahama kwa sababu ya kazi iliyosimama, si kwa sababu ya ahadi. Ikisimama, niite. Isiposimama, rudi ghalani, tuzeeke pamoja hapahapa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Mugisho hakutaka kurudi ghalani, na hakutaka kuzeeka peke yake Buffalo.

Tena aliiamini kazi yenyewe. Kwa kweli kuna nini kisichoaminika? Sehemu ya umeme wa huko hutoka kwenye maporomoko ya Niagara, maji yanayoanguka kama yale ya Ruzizi, ila huu haukatiki kila jioni. Mtu anayachukua maji yale na hewa ya bure, anapasha nyumba, na hakuna anayevuta moshi wala anayelipishwa moshi huo baadaye na mvua zilizochanganyikiwa. Waliotoka Kivu, mkoa wa Bukavu, wameona udongo wao ukichimbwa madini ili wengine wawe na mashine nzuri. Si haki basi, walau mara moja, mashine nzuri iingie nyumbani mwao na ifungwe na mkono wa kwao?

Nyumba ya kwanza ya Mkongomani aliyoifunga ilikuwa Kenmore, kijiji kilichoshikana na Buffalo upande wa kaskazini. Ilikuwa nyumba ya Josiane, mtunza wazee anayefanya zamu za usiku, na aliishi na mama yake, Mama Nabintu. Huyu mama ndiye aliyeongoza kina mama wa kanisa katika maombi ya kila Alhamisi, na maombi hayo yalifanyika sebuleni kwake. Alhamisi ndiyo iliyokuwa redio ya Wakongomani wa Buffalo. Jambo likisifiwa pale, Jumapili kanisa zima linalo. Likilaaniwa pale, limekwisha.

Mwezi wa kumi Mugisho aling'oa tanuru kuukuu la gesi lililokuwa likipasha nyumba kutoka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, akafunga mashine mpya. Akamweleza Mama Nabintu yote: hapa unapandisha, hapa unashusha, ila bora usiguse, iache ijiendeshe. Mama aliitikia kila neno. "Ndiyo, mutoto wangu. Ndiyo. Mungu akubariki." Kisha akampakulia fufu na sombe ya majani ya muhogo, na Mugisho akala akijua mambo yamenyooka. Hakumwuliza kama ameelewa. Ungemwulizaje mama wa umri ule kama ameelewa, kana kwamba ni mtoto wa shule? Na mama naye angemwambiaje fundi aliyetoka jasho nyumbani kwake, tena mtoto wa kwao, kwamba hajaridhika? Kwetu adabu ina milango miwili, na siku ile yote miwili ilifungwa.

Mwezi wa kumi na mmoja ukapita salama. Desemba ikavumilika. Januari ziwa likafungua mikono na kumwaga theluji.

Josiane ndiye aliyepiga simu. "Kaka Mugisho, nikirudi asubuhi kutoka kazini, nyumba ni barafu. Mama anavaa koti ndani. Alhamisi mama wote walisali na makoti. Mama Dionizi alisema heri wangesali ndani ya friji."

Mugisho alifika kabla theluji ya asubuhi haijafagiliwa. Akaenda moja kwa moja ubavuni mwa nyumba, mahali alipoisimamisha mashine ya nje, na hakuiona. Aliona kifurushi. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai la bluu, turubai likafunikwa blanketi, na vyote vimefungwa kamba kwa mafundo ya mtu aliyewahi kuishi hemani. Ndani ya kifurushi hicho, feni ilikuwa ikikoroma kama mtu aliyezibwa pua, na barafu imejaa mbavuni mwake.

"Mama!" aliita. "Nani amevisha mashine?"

Mama Nabintu alitoka mlangoni na kikoi begani, fahari imemjaa. "Ni mimi. Kintu ya bei kali namuna hii, unaiachia kwa theluji inje? Hata mbuzi tunaiingizaka. Tena mwizi akipita, haione."

"Mama, inapumua. Ukiifunika, inakufa."

"Ah! Pole," alisema, akiiambia mashine.

Mugisho akafungua mafundo, akayeyusha barafu, akasikiliza feni mpaka ikapumua sawasawa. Akampigia Silas kumwambia tatizo limepatikana, wakacheka sana kwenye simu kuhusu mbuzi.

Siku mbili baadaye hakukuwa na kicheko. Josiane alipiga tena: asubuhi, barafu ileile. Mchana nyumba hujivuta, jioni inakaribia kuwa nzuri, na alfajiri ni kaburi. Mugisho alipima presha ya ile gesi isiyochomwa, inayozunguka tu ndani ya mashine, ikawa sawa. Akapima mabomba, akapima feni, akatafuta mahali panapovuja. Mashine ilikuwa nzima kama ng'ombe wa zawadi.

Silas aliendesha gari kutoka Columbus. Alisimama na Mugisho nje ya nyumba ile, mikono mfukoni, pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Ndugu yangu, nisikize," alisema. "Mama amemwambia Josiane anataka gesi irudi. Ni haki yake. Kama hadi Alhamisi nyumba hii bado ni baridi, ninatoa hii mashine na kurudisha tanuru, na ninafunga Buffalo. Siwezi kuweka gari na fundi mahali ambapo hakuna mtu atafungua mlango."

"Mashine ni nzima, patron."

"Mimi najua ni nzima. Nimeipima pia. Kama mashine ni nzima na nyumba inaumwa, basi kuna kitu hatujaona. Na hawa ni watu wako, Mugisho. Si wangu. Mimi hata sombe sijui kuipika."

"Hata kuila hujui."

"Hiyo ni matusi," Silas alisema, lakini hakutabasamu sana.

Jioni Jolie alipiga kutoka Newburg. Alimsikia mumewe akijibu kwa neno mojamoja, akaelewa. "Ghalani wanaandika watu tena," alisema taratibu. "Nakuambia tu. Sikushauri."

Jumatano alfajiri Mugisho alikwenda Kenmore bila kuitwa. Josiane ndiyo kwanza alikuwa akirudi kutoka zamu yake, akamfungulia mlango wa nyuma. Wakaingia jikoni kimya, pumzi zao zinaonekana. Na hapo, kutoka chini, wakasikia hatua za mtu anayepanda ngazi za besmenti polepole. Mama Nabintu akatokeza, tochi mkononi, shali kichwani. Alipowaona, akasimama kama mtu aliyekutwa akila siku ya mfungo.

"Mama, ulikuwa unafanya nini chini?" Josiane aliuliza.

"Nimewasha."

"Umewasha nini?"

"Masini ya huyu. Nilikuwa nimeizima."

Mugisho akaelewa. Hakugombana na kifaa cha ukutani chenye namba za Kiingereza, mama yule. Alikuwa akishuka chini kila usiku kabla ya kulala, anafungua sanduku la umeme na kuangusha swichi kubwa, ile ambayo mtu yeyote wa mahali popote anaielewa. Asubuhi anairudisha. Usiku kucha, katika baridi ile, mashine ililala mfu, mafuta ya kulainisha kompresa yakawa mazito kama asali, na kulipokucha ilidaiwa ipashe nyumba nzima kutoka mwanzo.

"Kila usiku, Mama?"

"Kila usiku."

"Na lile tanuru la zamani?"

"Lile pia nilikuwa nazima. Toka tulifika hapa. Josiane haiko usiku, hajue."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tanuru la gesi lilikuwa na moto mkali. Ukiliwasha asubuhi, kabla chai haijachemka nyumba imepata joto, na hakuna aliyewahi kujua kwamba usiku halikuwaka. Pampu haina haraka hiyo. Yenyewe hutembea polepole na haisimami, kama mtu anayekwenda mbali. Tabia ya mama ilikuwa ya siku zote, ila ile mashine ya zamani iliificha.

Josiane alikuwa ameanza kupandisha sauti, kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Mugisho akamgusa mkono kumtuliza. Akavuta kiti kifupi, akakaa chini kuliko mama, na kwa mara ya kwanza akamwuliza swali ambalo mwezi wa kumi aliliona ni utovu wa adabu.

"Mama, unaogopa nini?"

Mama Nabintu alizima tochi.

"Weye ni wa Kadutu. Unajua mbabula."

Alijua. Kila mtu wa Bukavu anajua jiko la makaa linaloitwa mbabula. Unapika juu yake, unaota moto wake wakati wa mvua, na kabla ya kulala unalitoa nje, hata kama unatetemeka.

"Dada yangu alikuwa na batoto wawili," mama alisema. "Mvua ilinyesha, nguo hazikauke. Akaacha mbabula ndani, akafunga mulango. Asubuhi nilienda kuomba chumvi. Nikagonga. Nikagonga. Dada yangu aliamka na kichwa inamuuma. Batoto hawakuamka." Alizungusha tochi mkononi. "Kintu inatoa moto, usilale nayo. Mimi siwezi. Heri baridi. Baridi inakuamsha."

Mugisho alimfikiria mwanamke huyu akishuka ngazi kila usiku tangu afike Amerika, peke yake, kwenda kutoa jiko nje. Yeye alikuwa amemweleza habari za namba za kupandisha na kushusha. Alikuwa amezungumza juu ya hewa ya dunia, na juu ya bili. Neno moja ambalo mama alilihitaji, hakulisema. Na yeye wa Kadutu!

"Mama," alisema, "naomba unisindikize chini."

Wakashuka wote watatu. Pembeni mwa besmenti kulikuwa na friji ya zamani ambamo Mama Nabintu alihifadhi sombe na samaki wake. Mugisho akaisukuma kidogo kutoka ukutani.

"Hii unaizimaka usiku?"

"Friji? Uko na akili kweli? Samaki itaoza."

"Weka mukono huku nyuma."

Mama akapeleka kiganja mgongoni mwa friji, akakiacha hapo.

"Iko na joto."

"Iko na moto ndani?"

"Hapana."

"Iko na moshi?"

"Hapana. Ni joto ya samaki inatoka." Akageuza kiganja. "Eh."

"Mashine yangu ni hiyo hiyo. Samaki ni uwanja wako wa nje, na huku nyuma ni sebule yako. Hakuna kinachochomwa. Hakuna makaa, hakuna gesi." Akamwonyesha ukutani duara la saruji mpya. "Unaona pale? Pale palikuwa na bomba la moshi la tanuru la zamani. Lile lilikuwa na moto kweli. Bomba lake lingeziba siku moja, lingekuwa mbabula ndani ya nyumba. Ulikuwa na haki ya kuliogopa, Mama. Nililitoa, nikaziba tundu kwa mkono wangu. Hii mpya haina bomba la moshi kwa sababu haina moshi. Ulichoogopa wewe nilishakitoa nje mwezi wa kumi. Ila sikukuambia. Nisamehe."

Mama Nabintu alilitazama lile duara muda mrefu. Akaligusa kwa kidole, kisha akarudi kuigusa friji, kama mpishi anayeonja vyungu viwili. Halafu akamgeukia Mugisho kwa hasira ya kweli.

"Sasa ile yote ya miezi hii yote, ulikuwa unaniambia namba ya nini?"

Josiane akapasuka kicheko, na Mugisho naye.

"Leo usiku hautaizima?" aliuliza.

"Nitaiacha," mama alisema. Akafikiri. "Lakini dirisha ya chumba yangu nitafungua kidogo. Kidole moja."

Fundi aliyemo ndani ya Mugisho alitaka kupiga kelele. Dirisha wazi, Januari, Buffalo! Alimeza mate.

"Kidole kimoja, Mama. Si viwili."

Siku ile ilikuwa ndefu. Alikwenda kumpimia mtu mwingine nyumba na kukosea vipimo, akarudia. Alimwandikia Silas kwamba amepata, akafuta, akaandika kwamba huenda amepata. Alfajiri ya Alhamisi simu ikaita akiwa bado kitandani.

"Mugisho."

"Ndiyo, Mama."

"Nimeamka."

Akakata.

Mchana kina mama walianza kufika na makoti yao mazito, kila mmoja amejifunga kana kwamba anakwenda kuuza nyanya mlimani. Silas alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje, tayari na vifaa vya kung'olea. Mugisho alisimama mlangoni akipokea, kwa sababu Mama Nabintu alimwagiza asimame hapo. Mama Dionizi, yule wa maneno ya friji, aliingia wa nne. Alifika katikati ya sebule, akafungua kifungo kimoja. Akafungua cha pili. Akavua koti lote, akalitundika, akajipepea kwa kitambaa.

"Mama Nabintu, unataka kutupika?"

"Kaa chini," Mama Nabintu alijibu. "Nataka kuwaeleza kintu. Nani kati yenu analala na tanuru ya gesi chini ya kitanda yake?"

Walitazamana. Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, na mama akaanza kueleza, si habari za bili, si habari za namba. Alianza na mvua ya Bukavu na nguo zisizokauka. Mugisho alisikiliza hadi mwisho, hadi maswali yakaanza. Alitoka nje, akaenda kwenye gari la Silas, akagonga kioo.

"Zirudishe hizo spana," alisema. "Na kesho nitahitaji mtu wa pili. Wanaulizana wataanza na nani."

Silas alishusha kioo zaidi, akatega sikio kuelekea nyumbani ambako kina mama walikuwa wameanza wimbo. "Ulirekebisha nini?"

"Mimi? Hakuna kitu. Nilikaa kwenye kiti kifupi."

Tangu siku ile, katika kila nyumba anayoifunga, kabla hajafungua sanduku la vifaa, Mugisho huomba kiti na kuuliza wenyeji walikuwa wakiota moto namna gani kwao. Silas humlalamikia kwamba anachelewa. Mama Nabintu bado hufungua dirisha kidole kimoja, na Mugisho akipita barabara ile huliona na kulisamehe.

Jioni ya Alhamisi ileile alimpigia Jolie. Alimsimulia yote, mbuzi na tochi na friji, hadi akafika kwenye "nimeamka". Aliwasikia watoto wakigombania kitu kwa Kiingereza. Kisha Jolie akakohoa kidogo.

"Huko Buffalo," aliuliza, "makoti ya watoto, yale mazito kabisa, yanauzwa wapi?"